Maua ya majani ya ndani: jinsi ya kuyapanda, kuyatunza na kuyazidisha

Swali moja hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji. Mtu amenunua au amepewa ua la majani likiwa zuri, akaliweka sebuleni, akalimwagilia kila siku bila kukosa. Baada ya wiki chache majani yanakuwa ya njano na shina linalegea. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni hayo maji ya kila siku. Maua ya ndani yanayokufa kwa kiu ni machache kuliko yanayokufa kwa kunyweshwa kupita kiasi.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua mahali pa kuliweka ua, kuandaa udongo, kumwagilia, kuzidisha miche na kukabili wadudu. Tunaeleza pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: baadhi ya maua haya yana madhara kwa mtoto anayetafuna jani. Lakini tuanze na kanuni moja. Ua la ndani linataka maisha yanayofanana na ya kwao. Ukijua lilikotoka, utajua linachotaka.

Yametoka wapi

Hakuna mmea ulioumbwa kukaa ndani ya nyumba. Mengi ya maua haya asili yake ni misitu ya nchi za joto, chini ya miti mirefu. Huko jua halifiki moja kwa moja, linachujwa na majani ya juu. Udongo ni mwepesi kwa sababu ni majani yaliyooza kwa miaka mingi. Mvua inanyesha, lakini maji yanapita na kwenda zake, hayatuami kwenye mizizi.

Monstera, yenye majani makubwa yaliyochanika na kutoboka, inatoka misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama, ambako hupanda juu ya miti. Difenbakia, yenye majani mapana ya kijani na madoa meupe, ni ya Amerika ya Kati na Kusini. Pothosi, ile inayotambaa na kuning'inia ikiwa na michirizi ya njano, asili yake ni kisiwa cha Moorea katika Bahari ya Pasifiki.

Mengine ni ya kwetu Afrika. Sansevieria, yenye majani marefu magumu yanayosimama kama mapanga, inatoka Afrika ya Magharibi na Kati, kuanzia Nigeria hadi Kongo. Zamiokulkasi, ile ya majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, inaota porini Kenya, Tanzania na visiwa vya Zanzibar, ikiteremka hadi Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1829, lakini vitalu vya Uholanzi vilianza kuizalisha kwa wingi miaka ya 1990 tu. Leo inauzwa dunia nzima, na sisi tunauziwa kama mmea mgeni.

Na kuna drasena. Wenyeji wa Kilimanjaro wanaijua kwa jina la isale, au masale yakiwa mengi. Wachaga huipanda kuonyesha mpaka wa kihamba, na jani lake ni alama ya kuomba msamaha na kupatana. Katika nchi za baridi, shina la mmea huohuo hukatwa vipande, likapandwa kwenye chungu na kuuzwa kama pambo la ofisi. Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, tazama kwanza mpakani mwa shamba lako.

Kwa matunzo, yagawe maua haya katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni ya msitu wenye unyevu: monstera, pothosi, filodendroni, singoniamu na difenbakia. Kundi la pili ni yanayojiwekea akiba ya maji: sansevieria huiweka kwenye majani yake manene, na zamiokulkasi kwenye viazi vilivyo chini ya udongo. Drasena iko katikati ya makundi haya.

Ndugu wa gimbi: tahadhari kwa watoto

Anayelima magimbi anajua kwamba gimbi bichi huwasha mdomo na koo. Chanzo ni vijisindano vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vilivyomo ndani ya mmea. Ukitafuna, vinachoma ulimi na ngozi laini ya mdomo.

Monstera, pothosi, filodendroni, singoniamu, difenbakia, kaladiamu na zamiokulkasi zote ni za ukoo mmoja na gimbi, na zote zina vijisindano hivyo. Difenbakia ndiyo inayojulikana zaidi kwa ukali. Mtoto akitafuna jani lake, mdomo unawaka, udenda unatoka, ulimi unaweza kuvimba na sauti kukauka.

Likitokea hilo, fanya hivi:

- Mtoe mtoto vipande vyote mdomoni, kisha mfute ulimi na midomo kwa kitambaa safi chenye maji.
- Asukutue. Kama anameza vizuri, mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo.
- Usimtapishe.
- Kama utomvu umeingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya.
- Kama ulimi au koo limevimba, hawezi kumeza au anapumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja. Beba na jani la mmea huo ili mhudumu aone.

Jambo jingine linahusu jikoni. Kaladiamu na baadhi ya maua ya jamii yake yana majani yanayofanana sana na ya gimbi. Penye mazoea ya kupika majani ya magimbi kama mboga, usipande maua hayo karibu na bustani ya mboga. Mtu mgeni au mtoto aliyetumwa kuchuma anaweza kuyachanganya. Mbuzi na ndama nao wasifungwe karibu na maua haya, na matawi unayopogoa usiyatupe zizini.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa iweke maua haya juu asikofika, au ichague yasiyo na shida hiyo. Ule mmea wa majani membamba ya kijani yenye mstari mweupe, unaoning'iniza watoto wake kama buibui kwenye uzi, ni chaguo salama.

Mwanga: kivuli, si giza

Watu wengi husema "maua ya kivuli" na kuyaweka kwenye kona ya giza. Kivuli cha msituni si giza. Ni mwanga mwingi usio na jua kali.

Pima hivi. Saa sita mchana, nyoosha mkono juu ya ua, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye majani. Ukiona kivuli cha mkono kilichokolea chenye kingo kali, jua ni kali mno. Kivuli kikiwa hafifu lakini kinaonekana, hapo ni pazuri. Usipoona kivuli kabisa, pana giza.

Kwa nyumba nyingi za vijijini, zenye madirisha madogo yenye wavu, baraza ni pazuri kuliko sebule. Ukitaka kuliweka ndani, lisiwe mbali na dirisha zaidi ya mita moja na nusu au mbili. Sansevieria na zamiokulkasi huvumilia mwanga mdogo kuliko mengine, lakini nazo hukua polepole sana gizani.

Jua la asubuhi upande wa mashariki ni laini. Jua la alasiri upande wa magharibi huunguza. Na kuna jambo la kukumbuka kwa sisi tulio karibu na ikweta: mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini, na mwezi Desemba huegemea kusini. Ndiyo maana ua lililostawi kwenye baraza ya kaskazini mwezi Desemba linaweza kubabuka mwezi Juni bila wewe kuligusa. Lihamishe kufuata majira.

Chombo na udongo

Huhitaji chungu cha dukani. Kopo la rangi lililooshwa vizuri, dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa au ndoo iliyopasuka vinatosha. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu.

Chombo lazima kiwe na matundu chini, manne au matano, yanayoweza kupitisha kidole kidogo. Msumari mrefu uliopashwa moto hutoboa plastiki kwa urahisi. Bila matundu hakuna ustadi wa kumwagilia utakaoliokoa ua.

Wengi huweka tabaka la kokoto chini wakiamini maji yatatoka haraka. Haisaidii. Maji huganda kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inabaki na nafasi ndogo zaidi. Weka kigae kimoja au kipande cha wavu juu ya matundu ili udongo usitoke, basi.

Chombo kisiwe kikubwa mno. Kizidi upana wa mizizi kwa sentimita tatu hadi tano tu. Mmea mdogo kwenye ndoo kubwa unakaa katikati ya udongo uliolowa ambao mizizi yake haiwezi kuunywa, na hapo ndipo kuoza kunaanza.

Udongo wa shambani peke yake hugandamana kwenye kopo. Changanya hivi kwa maua ya msituni:

- Kopo mbili za udongo wa juu wa shamba, uliochekechwa.
- Kopo moja ya mboji au samadi iliyoiva, isiyo na harufu wala joto.
- Kopo moja ya mchanga mnene wa mto, au pumba za mpunga, au makumbi ya nazi yaliyosagika.

Kwa sansevieria na zamiokulkasi, nusu nzima ya mchanganyiko iwe mchanga mnene wa mto. Mchanga wa pwani usitumike kwa sababu ya chumvi. Makumbi nayo yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu kabla ya kuyatumia, maana huwa na chumvi.

Jaribu mchanganyiko wako. Lowesha konzi moja, ukamue, kisha uguse kwa kidole. Ukivunjika wenyewe, uko tayari. Ukibaki bonge kama la matofali, ongeza mchanga au pumba.

Kumwagilia: sikiliza udongo, si kalenda

Hatuwezi kukuambia umwagilie mara ngapi kwa wiki. Baraza ya Dodoma wakati wa kiangazi na sebule ya Bukoba wakati wa masika ni vitu viwili tofauti. Tumia kidole.

Chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kwa maua ya msituni, kama umekauka hadi hapo, mwagilia. Kama bado una unyevu, acha hadi kesho upime tena. Kwa sansevieria na zamiokulkasi, subiri udongo wa kopo zima ukauke. Njia nyingine ni kunyanyua kopo: likiwa jepesi lina kiu, likiwa zito bado lina maji.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Mimina polepole hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha acha. Kikombe kidogo kila siku hulowesha juu tu, na huko chini mizizi ya ndani inakauka au inaoza bila wewe kuona.

Kwa nini maji mengi yanaua? Mizizi nayo inavuta hewa. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa inakosekana, mizizi inakufa na vimelea vya kuoza vinaingia. Mmea wenye mizizi iliyooza hauwezi kunywa, hivyo majani yananyong'onyea. Mwenye ua akiona hivyo anadhani ni kiu, anaongeza maji, na anamalizia kuliua.

Maji ya mvua ndiyo mazuri zaidi. Penye visima vya maji ya chumvi, kama sehemu nyingi za pwani, ncha za majani huwa za kahawia. Ukilazimika kuyatumia, kila mwezi mimina maji mengi ya mvua ili yasuuze chumvi iliyojikusanya.

Sasa kuhusu mbu. Sahani unayoweka chini ya kopo, na chupa ya maji unayooteshea vipandikizi, ni mazalio ya mbu anayeeneza homa ya dengue. Mbu huyu hapendi madimbwi makubwa, anapenda maji kidogo yaliyotulia karibu na watu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama wiki moja hadi siku kumi hivi. Kwa hiyo mwaga maji ya sahani siku hiyohiyo, na maji ya chupa yabadilishe kila baada ya siku mbili au tatu. Unapobadilisha, sugua ndani ya chombo, kwa sababu mayai hunata kwenye kuta zake na huweza kukaa miezi pakavu yakisubiri maji.

Mbolea na usafi wa majani

Ua la ndani halili sana. Likiwa kwenye mchanganyiko wenye mboji, linaweza kukaa miezi mitatu bila mbolea. Baada ya hapo lipe maji ya samadi mara moja kwa mwezi. Loweka konzi mbili za samadi iliyoiva kwenye ndoo ya lita 10 kwa siku chache, ukiwa umeifunika isiingie mbu. Chuja, kisha ongeza maji hadi rangi iwe kama ya chai isiyokolea.

Samadi mbichi na mbolea ya kuku isiyoiva huunguza mizizi. Ukitumia mbolea ya dukani, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa, na mwagilie udongo ukiwa na unyevu, si mkavu.

Vumbi la barabara na masizi ya jikoni huziba majani. Jani lenye vumbi halipati mwanga. Kila wiki mbili yafute kwa kitambaa laini chenye maji matupu, juu na chini. Usipake mafuta ya kupikia wala maziwa ili yang'ae. Yananasa vumbi zaidi.

Kuzidisha miche

Hapa ndipo faida ilipo, kwa sababu ua moja mama linaweza kukupa miche mingi kwa mwaka. Kila aina ina njia yake.

*Pothosi, filodendroni, singoniamu na monstera.* Tazama shina. Utaona vifundo, pale jani linapotokea, mara nyingi pamoja na kijizizi cha hewa. Kata sentimita moja chini ya kifundo kwa kisu kikali na safi. Kipandikizi kiwe na kifundo kimoja hadi viwili na jani moja au mawili. Kiweke kwenye maji au moja kwa moja kwenye udongo mwepesi kivulini. Mizizi huanza baada ya wiki mbili hadi nne. Jani peke yake, bila kifundo, linaweza kutoa mizizi na kubaki la kijani kwa miezi, lakini halitatoa mmea. Wanunuzi wengi wameuziwa majani ya namna hiyo.

*Drasena.* Kata shina vipande vya sentimita 15, weka alama upande wa juu, vipande vikauke kivulini siku moja, kisha chomeka nusu kwenye mchanganyiko. Mmea mama nao utachipua pale ulipoukata.

*Sansevieria.* Jani moja linaweza kukatwa vipande vya sentimita saba hadi kumi. Viache vikauke siku mbili au tatu, kisha vichomeke vikiangalia juu kama vilivyokuwa, maana ukigeuza hakitaota kitu. Lakini kama sansevieria yako ina ukingo wa njano, miche ya vipande vya majani itatoka ya kijani tupu, bila njano. Ukitaka njano ibaki, gawanya shina la chini pamoja na machipukizi yake. Hili ni muhimu kwa anayetaka kuuza, kwa sababu yenye njano ndiyo wengi wanayoitafuta.

*Zamiokulkasi.* Gawanya viazi, au chomeka kijani kimoja kimoja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kila kijani kitajenga kiazi kidogo chini yake. Inataka subira: chipukizi la kwanza linaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka.

Usiende kuchimba msituni. Misitu ya hifadhi ina sheria zake, na mimea mingine ina eneo dogo mno porini. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyeishi eneo la Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mbegu za ua dogo la zambarau la milima hiyo. Leo aina zake zinauzwa duniani kote, lakini nyingi za ndugu zake wa porini ziko hatarini kwa sababu misitu inapungua. Omba kipandikizi kwa jirani. Mmea mama unabaki, na nawe unapata wako.

Dalili na maana zake

- Majani ya chini ya njano, udongo una maji: umezidisha maji. Acha kumwagilia. Kama shina limelainika, ng'oa, kata mizizi myeusi iliyooza, panda upya kwenye udongo mkavu.
- Majani yananyong'onyea, udongo mkavu na umeachana na kopo: kiu. Mwagilia polepole mara mbili, ukiacha nusu saa katikati.
- Ncha za kahawia: hewa kavu, maji ya chumvi au mbolea nyingi.
- Mabaka meupe au ya kahawia katikati ya jani: jua limeunguza. Jani haliponi, lakini majani mapya yatakuwa mazima ukilihamisha.
- Shina refu jembamba lenye majani machache: mwanga mdogo.
- Michirizi ya njano au nyeupe inapotea: mwanga mdogo pia.
- Visubi vidogo vyeusi vinaruka juu ya udongo: udongo umelowa muda mrefu.
- Mizizi inatoka kwenye matundu ya chini: wakati wa kuhamia chombo kikubwa kidogo.

Wadudu

Adui anayeonekana sana ni yule mweupe kama pamba kwenye maungio ya majani, jamii moja na vidung'ata wa muhogo. Mwingine ni utitiri mwekundu, mdogo mno, anayeacha vidoa vya njano na utando mwembamba chini ya jani, hasa kiangazi.

Litenge ua lenye wadudu. Wafute kwa kitambaa, kisha nyunyiza maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja. Nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, na rudia kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri siku moja kuona kama halibabuki. Dawa kali za shambani usizipulize ndani ya nyumba. Mnalala humo.

Maswali mnayotuuliza

*Je, maua haya yanasafisha hewa ya nyumba?* Habari hii inatokana hasa na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wa mwaka 1989. Ulifanyika kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa, si kwenye nyumba. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ilingane na hewa inayoingia na kutoka nyumbani kwa kawaida. Kama jiko lako lina moshi, fungua dirisha au tengeneza bomba la kutolea moshi. Ua halitakusaidia.

*Je, ukilala na ua chumbani linamaliza hewa usiku?* Hapana. Usiku mmea huvuta hewa kidogo sana, pungufu mno kuliko mtu unayelala naye. Kinachoua chumbani ni jiko la mkaa lililowashwa milango ikiwa imefungwa, kwa sababu hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Hilo usilifanye kamwe.

*Je, maua huleta nyoka?* Nyoka hufuata chakula na maficho. Makopo yaliyorundikwa ukutani huficha panya na vyura. Yainue juu ya benchi, na sehemu ya chini iwe safi na wazi.

Ukitaka kuuza

Anza na aina mbili au tatu zinazovumilia, kama pothosi, sansevieria na drasena. Tunza mimea mama michache yenye afya na usiiuze hata ukibanwa. Mche usiuzwe siku ulipopandwa. Subiri hadi uutikise kidogo na using'oke, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Mweleze mnunuzi mambo matatu: mwanga, maji, na kama mmea una madhara kwa mtoto. Mnunuzi ambaye ua lake limeishi atarudi, na atakuja na jirani.

Ukitaka kuvusha mimea mpaka wa nchi, hata kwa basi, inahitaji cheti cha afya ya mimea. Tanzania kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na Kenya na KEPHIS. Lengo ni kuzuia wadudu na magonjwa yasihamie mashambani mwa wengine.

Kwa ufupi

- Mwanga mwingi bila jua kali. Kona ya giza si mahali pake.
- Chombo chenye matundu, udongo unaovunjika mkononi.
- Pima kwa kidole kabla ya kumwagilia. Ukiwa na shaka, subiri siku moja.
- Mwaga maji ya sahani siku hiyohiyo.
- Ndugu wa gimbi wakae mbali na watoto, mifugo na bustani ya mboga.
- Kipandikizi cha pothosi, filodendroni, singoniamu au monstera bila kifundo hakizai mmea.

Hifadhi ukurasa huu kwenye simu yako, na kama kuna jirani anayemwagilia ua lake kila siku huku likizidi kuwa la njano, msomee sehemu ya maji kwanza.